Eafraya haikaangi, jamani

Nianze na swali lenyewe, maana limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa binti wa Kitanzania aliyeolewa Abuja, anayejaribu kupika akara, bajia za kunde za huku, kwenye eafraya: "Dada, mbona akara yangu yote imepita kwenye matundu ya kikapu ikagandia chini?" Wakenya walio huku wananiuliza hilo hilo, na wateja ninaowapikia hapa Surulere, Lagos, ndio usiseme. Wote wametoka dukani na imani moja: chochote kinachotoka kwenye karai la mafuta kitatoka vilevile kwenye eafraya, ila mafuta hamna. Nimeshajibu kwa upole, nimejibu kwa sauti za WhatsApp, sasa naandika.

Eafraya ni oveni ndogo yenye feni kali. Basi. Koili iko juu, feni iko juu ya koili, hewa ya moto inasukumwa chini, inapita kwenye kikapu na kuzunguka. Philips walipoileta sokoni mwaka 2010 hawakuvumbua moto mpya. Ni kule kuoka tunakokujua, ila kwa kasi zaidi na ndani ya chombo kidogo.

Mafuta kazi yake ya kwanza si unene wala utamu. Kazi yake ni kubeba moto. Mkono wako unaingia kwenye oveni ya nyuzi 180, unavuta trei na kutoka salama. Sasa uchovye kidole kwenye mafuta ya nyuzi hizo hizo, halafu tuonane hospitali. Mafuta hukamata chakula pande zote kwa mpigo mmoja; hewa, hata ikisukumwa na feni, huchukua muda kufika pale pale. Muda huo ndio unaomwaga akara.

Akara, kwa msomaji wa pwani, ni ndugu wa bajia za kunde. Unaloweka kunde, unazimenya, unasaga na kitunguu na rodo, yaani pilipili mbuzi, kwa maji machache mno, kisha unapiga rojo kwa mwiko au kinu mpaka lijae hewa na kuwa jepesi. Chumvi inaingia mwisho, karibu na kukaanga. Kijiko kikigusa mafuta, ngozi ya nje inafunga papo hapo, hewa na mvuke vinabaki ndani, akara inavimba na kujigeuza yenyewe. Kwenye eafraya ngozi inachelewa. Rojo linatambaa, hewa uliyoipiga mpaka bega likauma inatoka, na kilichobaki kinachuruzika matunduni. Unaweza kutia rojo kwenye vikombe vya silikoni, na hapo utapata keki ya kunde, nzito, yenye kichwa cha kahawia. Inalika. Ina ukaribu na moi moi, ile keki ya kunde ya mvuke, ila iliyookwa. Lakini usinikaribishe Jumamosi asubuhi kwa akara na ogi, uji wa nafaka iliyochachushwa, ukanipa hiyo. Watu waliopelekwa utumwani Bahia, Brazili, walivuka Atlantiki na chakula hiki, kule kinaitwa acarajé, na mpaka leo kinazamishwa kwenye mawese. Kimevuka bahari nzima bila kuyaacha mafuta. Wewe unataka kiyaache kwa sababu ya kifaa cha lita tano.

Puff-puff hali ni hiyo hiyo. Ni unga mwepesi wa hamira unaodondoshwa kwa kuminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiutia kwenye hewa unalala. Ukiongeza unga ili usimame, umeoka mkate mdogo, hongera.

Kinachonikera si kwamba watu wanajaribu. Wajaribu. Kinachonikera ni kwamba wanatafuta matumizi ya eafraya kwenye karai, wakati jibu liko mita chache pembeni, kwenye jiko la mkaa. Tembea barabara yoyote ya Lagos jioni. Kuna anayekaanga na kuna anayechoma. Vya anayechoma vinapenda eafraya: boli, suya, asun (nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye pilipili), samaki. Moto mkavu wa pembeni na wa juu ndio waliouzoea.

Boli ni ndizi kubwa ya kuchoma, jamaa ya mkono wa tembo na mzuzu. Ichukue ikiwa imeanza kuwa ya njano, bado ngumu. Menya, iache nzima, ipake mafuta kidogo tu kwa vidole, nyuzi 200, dakika 15 hadi 20, ukiigeuza kila inapoanza kupata madoa. Lagos tunaila na karanga. Port Harcourt wanaiita bole na kuimwagia mchuzi wa pilipili wenye mawese, samaki wa kuchoma pembeni, na sitaki kuingia kwenye ugomvi wa nani yuko sahihi. Moshi wa mkaa hutaupata. Hilo halina dawa, na wanaouza unga wa moshi wa chupa wananichosha.

Suya ina mtego mmoja ambao hakuna kitabu cha mashine kinachoutaja. Nyama inakatwa nyembamba kama utepe, inatungwa kwenye vijiti na kupakwa yaji, ule unga wa kuli-kuli, tangawizi, pilipili na viungo vingine ambavyo kila mai suya, yaani mchoma suya, ana siri yake. Kuli-kuli ni karanga iliyosagwa na kukamuliwa mafuta. Ukiinyunyiza kavu, feni inaipeperusha, inapanda mpaka kwenye koili na kuungua huko. Ndani ya dakika tatu jikoni pananuka karanga zilizoungua na nyama yako iko uchi. Kwa hiyo changanya yaji na mafuta ya karanga iwe uji mzito unaoshika, paka, acha ikae, ndipo uingize kwa nyuzi 200, dakika nane hadi kumi. Yaji kavu inyunyize nyama ikishatoka, pamoja na kitunguu na nyanya mbichi. Vijiti vilowekwe, na vikatwe vitoshe kikapuni. Karatasi zile za kutandika chini nazo ni hadithi ile ile: ukiwasha mashine kabla ya kuweka chakula juu yake, karatasi inaruka kwenye koili na kushika moto. Na hata ikitulia, imeziba matundu ambayo umeyanunua kwa pesa yako.

Sasa dodo. Hapa ndipo nina mashaka yangu mwenyewe.

Dodo ni ndizi mbivu iliyokatwa mshazari na kukaangwa. Kwenye karai tunapenda iliyoiva mpaka ganda limejaa weusi, kwa sababu sukari inageuka kahawia haraka na ndani panabaki laini. Kwenye eafraya ndizi hiyo hiyo inatoa utomvu wa sukari, inanata kikapuni, na ukiigeuza inaacha ngozi yake chini. Chukua iliyo ya njano yenye madoa machache meusi. Kata unene wa kidole chako kidogo. Ikiwa nyembamba zaidi, inakauka kabla haijapata rangi. Weka kwenye bakuli, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa ndizi moja kubwa, chumvi chembe, geuza kwa mikono mpaka kila kipande king'ae. Washa mashine tupu dakika tatu ipate moto. Panga safu moja, vipande visilaliane. Nyuzi 190, dakika kumi hadi kumi na mbili, geuza katikati.

Kuna anayesema, "Lakini mimi nataka bila mafuta kabisa." Bila mafuta kabisa unapata ngozi ya kiatu yenye sukari. Hewa kavu inafyonza maji ya juu, na hakuna kitu cha kusambaza moto pale juu. Kijiko hicho kimoja ndicho kinachofanya hewa ifanye kazi inayofanana na kukaanga. Ukikikataa, kataa na dodo yenyewe, chemsha ndizi yako, kula na mchuzi wa mayai, nayo ni tamu.

Mashaka yangu ni haya. Hata nikifanya yote hayo, ndizi mbili za mkungu mmoja zinaweza kutoka tofauti, moja laini kama inavyotakiwa, nyingine na kiini kikavu. Nadhani ni tofauti ya maji ndani ya ndizi, lakini siwezi kukuapia. Na namba za kwenye kioo cha mashine siziamini. Mashine mbili zinazoonyesha 190 hazichomi sawa, kwa hiyo dakika zangu ni mwanzo wako tu. Ile ya eafraya naiita dodo shingo upande. Ikiwa mgeni ni mama mkwe wa Kiyoruba, natoa karai.

Kuku ni rahisi, nitapita haraka. Kuku mgumu, yule wa mayai aliyestaafu, achemshwe kwanza na kitunguu, taimu, kari na vidonge vya supu, maana eafraya hailainishi mtu. Broila anaweza kuchemshwa kidogo tu. Supu iweke kwa ajili ya jollof, wali wetu wa nyanya. Kisha, na hapa wengi wanakosea, mwache kuku achuje na umpangusie maji. Kuku mwenye maji anatoa mvuke, na penye mvuke hapana ukavu wa nje. Nyuzi 200, dakika 12 hadi 15. Mchuzi wa ata dindin, yaani pilipili za kukaangwa, unapikwa kwenye sufuria na kuku anageuzwa humo. Usiutie kikapuni.

Na tuzungumze ukweli kuhusu afya. Mtu anajisifu kuku wake hana mafuta, halafu anamwogesha kwenye mchuzi wa pilipili ambao mafuta yake yameelea juu kwa unene wa sarafu. Mafuta yamepunguzwa mlangoni yakaingilia dirishani. Pia kile kikemikali cha akrilamaidi, kilichotangazwa na watafiti wa Uswidi mwaka 2002, hutokea kwenye vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali, mafuta yawepo au yasiwepo. Kiazi kikuu chako kitoe kikiwa cha dhahabu, usisubiri kiwe kahawia iliyokoza. Na kichemshe nusu kwanza kwenye maji ya chumvi. Kibichi kinakuwa kuni.

Jollof kwenye eafraya: hapana. Meat pie: ndiyo, tena sana, paka yai juu. Chin chin, vile vipande vidogo vya unga vya kukaanga, inawezekana, ila Mnaijeria anapima chin chin ya Krismasi kwa ndoo ya rangi ya ukuta, na kikapu kitakupeleka mpaka Pasaka. Titus, wale samaki wa barafu wenye mafuta mengi, hawahitaji hata tone. Tia maji kidogo chini ya kikapu mafuta yanayodondoka yasifuke moshi.

Kitu ninachokitumia kuliko vyote hakiuliziwi na mtu. Nikirudi kutoka soko la Mile 12 na tatashe (pilipili kubwa nyekundu), nyanya na vitunguu, navichoma kikapuni kwa nyuzi 200 mpaka ngozi zianze kuungua kingo, ndipo nasaga. Maji mengi yameshaondoka, kwa hiyo mchuzi haukai jikoni nusu ya asubuhi ukisubiri uchachu uishe, na mafuta ya kuukaangia yanapungua kweli. Rodo iache nje. Feni ikiipuliza nyumba nzima inakohoa, na jirani wa juu pia.

La mwisho ni umeme. NEPA, lile shirika la umeme la taifa, ilikufa kama shirika mwaka 2005 lakini watoto bado wanapiga kelele "Up NEPA!" taa zikirudi. Mashine nyingi zinavuta wati 1,400 hadi 1,800. Dakika 20 za wati 1,500 ni nusu yuniti kwa wingi, na kwenye mitaa ya Band A, daraja la wanaopewa umeme saa nyingi zaidi, ambayo tangu Aprili 2024 inalipa zaidi ya naira 200 kwa yuniti, hiyo ni naira mia moja na ushee, wakati lita ya mafuta ya karanga ni maelfu. Hesabu inalipa. Ila ile jenereta ndogo ya "I better pass my neighbour" haifikishi hata kilovoti-ampea moja, na inveta ya taa na feni itapiga kengele na kuzima. Kabla hujanunua, soma wati nyuma ya boksi, kisha soma wati za jenereta yako. Wauzaji hawakuulizi hilo hata siku moja.