"Drive out" si kuendesha nje

Juzi mwanafunzi wangu wa tafsiri hapa Nakuru alinisomea sentensi: "Familia ziliendeshwa nje ya mashamba yao." Katika matini ya Kiingereza aliona "drive out", akawaza usukani wa matatu.

Kabla ya gari kulikuwa na ng'ombe. Katika Kiingereza cha kale "drive" ilimaanisha kuswaga: unafuata mifugo kwa nyuma, fimbo mkononi, nayo inakwenda utakako wewe. Usukani ulikuja baadaye sana. "Drive out" bado ina ile fimbo. Anayetajwa hakuondoka kwa hiari yake. Kuna kinachomsukuma, na hata angetaka kubaki asingeweza.

Mimi hutumia "furusha", neno ambalo Wakenya tumelizoea kwenye taarifa za habari. "Fukuza" pia hufaa, ingawa mbwa akimfukuza paka huenda anataka kumkamata tu, si kumtoa mahali. "Hama" silikubali kabisa. Waliopiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, hawakuhama. Jirani yangu mmoja alilala pale hemani na watoto wake, na ukimwambia "mlipohama" anakukatiza papo hapo: "Tulifurushwa." Ana haki. "Kuhama" kunamfuta aliyeshika fimbo.

Mwenye fimbo si lazima awe mtu. Ziwa Nakuru lilipojaa katika miaka ya 2010, chumvi yake ilipungua, mwani ambao flamingo huula ukapungua pia, na flamingo wengi wakaenda Ziwa Bogoria. Mwingereza atasema "rising water drove the flamingos out". Nasi tunasema vizuri tu kwamba maji yaliwafukuza. Hata kodi ya nyumba hufukuza wapangaji.

Kuhusu sarufi, jambo moja huwakwaza wengi. Nomino hukaa popote: "drive out the tenants" au "drive the tenants out". Kiwakilishi lazima kiingie katikati: "drive them out". Ukisema "drive out them" umekosea. Mahali walipotolewa hutanguliwa na "of" au "from".

Mwanafunzi alirudi na sentensi mpya: "Familia zilifurushwa kutoka mashambani mwao." Nikamuuliza, na nani? Akaipitia upya matini ya Kiingereza, mstari kwa mstari. Haikusema. Basi tukaiacha hivyo, katika hali ya kutendwa, mtendaji akiwa bado hajatajwa.