Usimamizi shirikishi wa hifadhi maana yake nini?

Usimamizi shirikishi ni utaratibu ambao serikali na wakaazi wanaopakana na msitu au bahari iliyohifadhiwa hugawana mambo matatu: kuamua, kulinda na kufaidika. Kwa Zanzibar, sheria ya misitu ya 1996 ndiyo iliyofungua njia kwa wanakijiji kuingia mkataba na serikali wa kusimamia msitu wao. Kamati ya uhifadhi ya kijiji hupanga wapi pakatwe kuni, wapi paachwe, na nani aende doria.

Kuitwa mkutanoni, kusaini daftari la mahudhurio na kupewa soda si kushirikishwa, ingawa ripoti nyingi huhesabu hivyo. Kipimo ni kama neno la mwananchi linaweza kubadilisha uamuzi.

Mfano mzuri ni msitu wa Jozani, Unguja, uliofanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Wageni wanakwenda kumtazama kima punju, ambaye hapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Kima hajui mpaka. Hutoka msituni akaingia mashambani, akala majani ya miembe na vidaka, yaani nazi changa, vya minazi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1999 waliona kuwa minazi inayoliwa vidaka haikupungukiwa na mavuno. Kwani mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi hata bila kima. Huenda ni kweli. Lakini mwenye shamba amemuona mnyama juu ya mnazi wake kwa macho yake, na jedwali la takwimu halimwondolei uchungu huo.

Kwa hiyo ulipangwa utaratibu wa kugawana mapato ya watalii: sehemu huenda kwenye maendeleo ya vijiji, sehemu kwa wakulima wenye mashamba jirani. Pale Pete, kijiji jirani na Jozani, njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko nayo imekiingizia kijiji fedha. Mimi naona utaratibu huu umesaidia sana, ila una tundu moja. Hasara humwangukia mtu mmoja, faida hugawiwa wote. Skuli ikiezekwa upya, hata asiye na mnazi hata mmoja amefaidika sawa na yule aliyeliwa vidaka. Watu wakinung'unika hapo, si kwamba wanaichukia hifadhi. Na anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni baada ya msitu kufungwa ni mwanamke, ambaye mara nyingi hata kwenye kamati hayumo.

Pemba kuna kisiwa cha Misali, kinachosimuliwa kuwa Nabii Khidhri aliomba msala, yaani mkeka wa kusalia, akaukosa, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Miaka ya 1990 palipotajwa habari za kujenga hoteli, wavuvi walipinga, na mwaka 1998 kisiwa kikawekwa chini ya hifadhi. Baadaye mafundisho ya dini yakatumika kueleza kwa nini baruti isitumike baharini: mwanadamu ni khalifa, msimamizi wa Mungu duniani, amekabidhiwa amana. Hoja hiyo wavuvi waliielewa upesi kuliko kanuni za idara, maana waliijua tangu chuoni, walikosomea Kurani utotoni.

Ila Misali inaonesha pia ugumu wa hiyo "jamii" inayotajwa kwenye mikataba. Kisiwa hakina kijiji. Wanaokitumia ni wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, wakitoka sehemu mbalimbali za Pemba. Mvuvi wa Kojani, kisiwa kingine cha Pemba, aliyezoea kufuata samaki popote walipo, anakaa kamati ya shehia gani, yaani ya eneo la sheha yupi? Ukimtambua mkaazi wa karibu peke yake, umemfungia bahari mtu ambaye babu yake alivua hapo. Ukiwaingiza wote, kikao hakitaisha. Hadi sasa mvuvi wa dago hukutana na kanuni za hifadhi pale anaposimamishwa na boti ya doria.