Shimo la matofali la Oxford na mashimo yetu ya Lubumbashi

Ukitoka Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo (RDC), kwa barabara ya Kasenga au ya Likasi, utaona moshi wa matanuru kabla hujayaona matofali yenyewe. Vichuguu vikubwa vya huku kwetu, ambavyo vingine hufika mita 8 kwenda juu, vina udongo wa mfinyanzi mzuri sana. Vinabomolewa, udongo unakandwa na kutiwa kwenye kalibu, halafu matofali yanachomwa kwa kuni za miti iliyokuwa imesimama palepale. Kinachobaki ni shimo. Mvua za Novemba zinalijaza, majirani wanaanza kutupa takataka, na baada ya miaka michache watoto wa kartie (mtaa) hawajui tena kwamba pale palikuwa pori.

Mimi ni mtaalamu wa mimea, na kazi yangu ni kuelimisha wakaaji juu ya mashimo haya. Mfano ninaoupenda kuliko yote, wa shimo lililorudi kuwa pori, uko mbali, kitongojini Risinghurst, pembeni mwa mji wa Oxford, Uingereza. Huko nako, katika karne ya 19, watu walichimba udongo na kuuchoma. Nyumba iliyojengwa karibu na matanuru hayo mwaka 1922 iliitwa The Kilns, yaani Matanuru. Mwaka 1930 ilinunuliwa na C. S. Lewis, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuja kuandika vitabu 7 vya Narnia, hadithi za watoto, pamoja na ndugu yake Warren na Bi. Moore, mama wa rafiki yake aliyefia vitani.

Walipohamia, shimo lilikuwa limekwisha kuwa bwawa. Udongo ule ule uliofaa matofali haupitishi maji kwa urahisi, kwa hiyo yalikaa. Lewis aliogelea humo na kupiga kasia. Yeye na ndugu yake walipanda miti kwenye mteremko ulio juu ya bwawa, na hilo nalisisitiza: pori linalosifiwa leo kwa sehemu ni kazi ya mikono, juu ya ardhi iliyochimbuliwa.

Lewis alifariki katika nyumba hiyo Novemba 1963. Viwanja vya jirani viliuzwa vikajengwa, na barabara inayofika mlangoni sasa ina jina lake. Lakini mwaka 1969 bwawa na miti yake vilifanywa hifadhi. Leo inasimamiwa na shirika la kulinda viumbe pori la Berkshire, Buckinghamshire na Oxfordshire. Ni kama hekta 3 tu, katikati ya nyumba za watu. Kila mwaka baridi inapoisha vyura wanarudi bwawani kutaga, na kiangazi kereng'ende wanaruka juu ya maji.

Najua mama atakayeniuliza: bwawa karibu na nyumba, na malaria je? Swali lake ni la haki. Mbu wanaoeneza malaria hapa kwetu hupenda hasa vidimbwi vya kina kifupi, vya muda, vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mifereji inayoachwa na magurudumu ya magari, na ndiyo, shimo jipya la matofali. Humo hakuna wa kuwala viluwiluwi vyao. Bwawa la kudumu lenye mimea lina watoto wa kereng'ende na wadudu wengine wanaovila. Halimalizi mbu, na chandarua kibaki kitandani, ila shimo la takataka ni baya zaidi. Kingo zilazwe pia, zisiwe wima, mtoto akiteleza aweze kutoka.

Miti haihitaji hata kununuliwa. Visiki vya muputu na vya masuku, miti ya pori letu, huchipua vyenyewe, mradi visikatwe tena na moto usipite. Kama moto hauzuiliki, ule wa Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, huumiza kidogo kuliko wa Septemba au Oktoba. Miombo, yaani pori la miti hiyo, ikirudi, bowa (uyoga) na finkubala (viwavi wanaoliwa) vina mahali pa kurudia.

Ugumu uko kwenye karatasi. Uingereza mtu aliweza kununua ardhi ile na kuiweka chini ya ulinzi. Kwetu, kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia tu. Shirika la wakaaji huomba konsesyo ya kawaida, yaani haki ya kutumia ardhi kwa muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Shimo lisilo na karatasi litauzwa kuwa parseli (kiwanja cha kujenga) siku yoyote, hata kama vyura wameshahamia. Kwa hiyo mkipata shimo katika kartie yenu, anzeni kwa kuuliza ofisi ya ardhi limeandikwa kwa jina la nani, kabla hata ya kuondoa takataka. Na visiki vilivyolizunguka vihesabiwe mapema, Agosti, wakati majani ni machache na vinaonekana.