Breki za pikipiki ya umeme: mkono wa kushoto na betri iliyojaa

Ninafundisha uendeshaji wa pikipiki hapa Dar es Salaam, na wanafunzi wanaonitia hofu kubwa zaidi ni madereva wa bodaboda walioendesha pikipiki za mafuta kwa miaka mingi kisha wakahamia kwenye za umeme. Barabara wanaijua vizuri. Shida iko kwenye mazoea ya mikono yao, ambayo yalijengwa na chombo cha aina nyingine.

Kwenye pikipiki ya mafuta mkono wa kushoto hushika klachi. Dereva akishtuka, vidole vya mkono huo hujikunja vyenyewe, wala hakuna madhara, kwa kuwa klachi hutenganisha tu injini na gurudumu. Pikipiki nyingi za umeme hazina klachi wala gia, na katika baadhi yake, hasa zenye umbo la skuta, kishikio cha kushoto ndicho breki ya nyuma. Daladala ikisimama ghafla mbele yako pale Mwenge, mkono uleule hubana kwa nguvu ileile: gurudumu la nyuma linafunga, tairi linaburuzika na mkia wa pikipiki unakimbilia pembeni, huku mkono wa kulia wenye breki ya mbele ukiwa bado haujafanya kazi. Ndiyo maana kabla ya kumruhusu mwanafunzi kuingia barabarani humtaka anioneshe, pikipiki ikiwa imesimama, kila kishikio kinafunga gurudumu lipi.

Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito mwingi huelemea mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Wengi huiogopa wakidhani itawapindua. Kinachoangusha watu ni kuikaba kwa mkupuo, au kuibana wakati usukani umekunjwa. Ibane kidogo kwanza, usubiri uzito ushuke kwenye tairi la mbele, kisha uongeze nguvu, na breki ya nyuma iende nayo sambamba. Kwenye mchanga unaotapakaa kando ya barabara zetu, na kwenye lami iliyoloa wakati wa masika, fanya hivyohivyo kwa mkono mwepesi zaidi na uanze mapema.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Injini ya mafuta hukupunguzia mwendo yenyewe pale unapoachia mafuta. Mota ya umeme hufanya hivyo endapo tu kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota, imepangwa kuigeuza izalishe umeme na kuurudisha kwenye betri. Msaada huo ni mzuri, lakini hubadilika. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme zaidi, kwa hiyo kontrola huupunguza au kuukata kabisa, na dereva aliyetoka kubadilisha betri Kimara akateremka kuelekea Ubungo atakuta pikipiki inateleza mbele kwa namna ambayo jana jioni, betri ikiwa nusu, haikuwapo. Tena nguvu hiyo ya kupunguza mwendo huishia kwenye gurudumu linaloendeshwa na mota, kwa kawaida la nyuma, na hufifia mwendo unapokuwa mdogo sana. Ihesabu kuwa nyongeza, na vidole vikae tayari kwenye breki.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwenye lami kavu, anayebana breki zote mbili vizuri akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 6 hivi. Akiwa kwenye 60 huhitaji kama mita 23, mbali na mita 17 nyingine zinazopita katika sekunde moja ya kushtuka. Kwa chombo kisicho na mlio, ambacho mtu anayevuka Kariakoo hakisikii kikija, mita hizo ni nyingi mno.

Mota hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo zima swichi abiria anapopanda au unapoisukuma pikipiki, maana akselereta ikiguswa kidogo tu itaruka. Na kila asubuhi bana kishikio kimoja kimoja ukiangalia taa ya breki: katika pikipiki nyingi swichi inayowasha taa hiyo ndiyo pia inayoiambia kontrola ikate nguvu ya mota. Taa isipowaka kwa kishikio kimojawapo, huenda mota ikaendelea kusukuma wakati wewe unafunga breki. Ipeleke kwa fundi kabla ya kubeba abiria wa kwanza.