Je, wajua kwa nini dawa iliyoyamaliza magugu mwaka juzi leo haiyamalizi?

Pita kwenye mashamba ya mahindi ya Igurusi, wilayani Mbarali, mvua zinapoanza, siku kumi hivi baada ya watu kupiga dawa ya kusafishia shamba. Magugu yamegeuka manjano, yamelala. Katikati yake mche mmoja wa mchicha pori umesimama kijani kibichi, kana kwamba haukupata hata tone. Mwenye shamba atakwambia: "Haya yameshaizoea dawa."

Kauli hiyo inatupoteza. Gugu haliizoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Mche ule ulizaliwa hivyo, kabla bomba halijaingia shambani. Kwenye magugu mengi hayakosi machache yenye tofauti ndogo ya maumbile, na dawa hufanya kazi ya chekeche: huyaondoa mengine yote, yale machache yakabaki na shamba zima, jua na mbolea. Mchicha pori mmoja ukiachwa ukomae huweza kumwaga mbegu laki kadhaa. Rudia dawa ileile msimu baada ya msimu, na hao ndio watakaokuwa wenyeji wa shamba.

Australia waliliona hili mwaka 1996, ilipopatikana nyasi isiyokufa kwa glaifosati, dawa ya kuua magugu iliyoingia sokoni mwaka 1974. Marekani, kwenye pamba ya Georgia, mchicha pori wa jamii ya Palmer ulithibitishwa kuwa sugu mwaka 2005. Glaifosati huua kwa kuziba kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi ndani ya mmea, ambacho mmea hauwezi kuishi bila hicho. Baadhi ya michicha ile ilikutwa na nakala zaidi ya 100 za jeni inayokitengeneza. Kimeng'enya kinakuwa kingi mno, dawa inakwisha kabla haijakiziba chote! Hili hunishangaza kila nikilifikiria.

Lakini tusikimbilie kuita kila gugu lililopona sugu. Ukichota maji ya mfereji yenye tope, glaifosati hunata kwenye udongo ule humohumo ndani ya bomba. Mvua ikishuka mapema huiosha. Ndago hukauka juu ikachipua tena kutoka kwenye vitunguu vyake ardhini. Dawa feki nazo zipo. Na kama yaliyopona yamejipanga mstari, basi mpuliziaji aliruka. Usugu una sura yake: magugu ya aina moja, kimo kimoja, hili limekufa, la pembeni yake li hai, na yaliyo hai yametawanyika huku na kule.

Kubadilisha chupa hakusaidii ikiwa kilichomo ni kilekile. Glaifosati inauzwa kwa majina mengi, kwa hiyo soma kwenye lebo jina la kemikali yenyewe, kisha tafuta dawa inayoua kwa njia nyingine. Yale machache yaliyobaki ng'oa kwa mkono kabla hayajatoa mbegu, hata kama palizi imekuchosha. Kwa wenzetu wa mpunga, angalieni kombaini: ikivuna kwa jirani asubuhi na kwako mchana, inakuja na mbegu za magugu yake. Mwombe dereva aifagie na kuipuliza upepo kabla haijavuka jaruba lako.