Je, wajua kwa nini sola ya kuchomeka ukutani Ujerumani isizidi wati 800?

Wajerumani huiita Balkonkraftwerk, mtambo wa umeme wa roshani: paneli mbili zilizofungwa kwenye uzio wa roshani, inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa soketi), na plagi ya kawaida unayoichomeka kwenye soketi kama pasi. Tangu Mei 2024 sheria inaruhusu paneli za hadi wati 2,000, ila inveta isitoe zaidi ya 800.

Sababu moja imo ndani ya ukuta. Waya wa soketi mara nyingi ni wa milimita za mraba 1.5, na hulindwa na breka ya ampea 16, swichi inayojikata umeme ukizidi. Breka huona umeme unaopita ndani yake tu, yaani ule wa gridi. Umeme wa sola huingia baada yake, upande wa soketi. Wati 800 kwa volti 230 ni kama ampea 3.5, ukiwasha hita na birika kwenye sakiti hiyohiyo, kipande cha waya kinaweza kubeba ampea 19.5 na breka ikakaa kimya. Waya usio na kasoro huvumilia hilo. Ukichomeka seti tatu, ampea zinapita 26, na waya unachemka ndani ya plasta bila yeyote kujua.

Na pini za plagi, je, zitakupiga shoti ukiichomoa jua likiwaka? Inveta ikikosa gridi lazima ijizime ndani ya sekunde 0.2. Kwa hiyo umeme ukikatika, nayo inazima. Anayeagiza kifaa hiki Dar es Salaam ili akwepe mgao atakaa gizani kama jirani yake. Anachohitaji ni betri na inveta ya aina nyingine.

Ujerumani usajili ni mwepesi: fomu moja mtandaoni kwa Bundesnetzagentur, mamlaka inayosimamia mitandao ya umeme, ndani ya mwezi mmoja tangu kuwasha. Mita ya zamani ya kisahani, inayorudi nyuma sola ikizidi matumizi, huvumiliwa mpaka ibadilishwe. Mpangaji bado huomba ruhusa, lakini tangu Oktoba 2024 mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu nzito. Anaweza kudai paneli zifungwe imara, na hapo ana haki: paneli ikianguka kutoka ghorofa ya nne inaua.

Huko Marekani, jimbo la Utah lilitangulia mwaka 2025 kwa kikomo cha wati 1,200. Kwa volti 120 hizo ni ampea 10, na breka za soketi huko ni za ampea 15 au 20. Sakiti ya namna hiyo ni heri iachiwe sola peke yake.