Usimeze kidonge ili uendelee kuitesa misuli iliyodhoofika

Kazi yangu ni kuwanyoosha viungo watu wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli na kuwafundisha namna ya kutumia nguvu waliyobaki nayo. Maswali haya nayasikia kila wiki, na mawili kati yake huulizwa watu wakiwa wameshachelewa.

Ugonjwa huu ni nini hasa?

Ni kundi la magonjwa, mengi ya kurithi, ambamo nyuzi za misuli huharibika haraka kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza upya. Katika aina iitwayo Duchenne, inayowapata hasa watoto wa kiume, mwili hukosa distrofini, protini inayozikinga nyuzi zisichanike misuli inapojikaza. Aina nyingine huanzia mabegani, nyongani au usoni, na baadhi huanza ukubwani.

Mbona niliambiwa unadhoofisha tu, hauumi?

Aliyekuambia hivyo hajakaa na mgonjwa siku nzima. Mtazame anavyoinuka kitini: anaegemeza viganja juu ya mapaja, anajisukuma, kiuno kinapinda, shingo inakakamaa, ndipo anasimama. Akirudia hivyo kutwa nzima, jioni mgongo unawaka moto. Misuli michache yenye nguvu inabeba kazi ya mingine yote. Ongeza viungo vilivyokaza kwa kutonyooshwa, na kukaa saa nyingi mkao mmoja. Maumivu hayo ni ya kweli, usikubali kuambiwa unadeka.

Mazoezi si lazima yaume ndiyo yajenge? Nikimeza dawa ya maumivu kwanza, kuna ubaya gani?

Hapana, si lazima yaume. Nalirudia jambo hili mpaka sauti inanikauka, na bado kila wiki anaingia mtu aliyemeza vidonge viwili asubuhi ili apande na kushuka ngazi "apate nguvu". Misuli yenye afya ikichanika kidogo hupona ikiwa imara zaidi. Misuli ya ugonjwa huu haina uwezo huo. Unachokivunja leo huenda kisirudi. Kushuka ngazi au mteremko ndiko kubaya zaidi, maana misuli inajikaza huku inavutwa.

Na kidonge? Kidonge hakitibu msuli, kinakuzibia masikio usisikie ukilia. Unaendelea, nao unaendelea kuvunjika. Tafadhali sana: usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya kile ambacho maumivu yamekukataza.

Basi nilale tu?

Hapana pia. Anayelala tu hukaza viungo na kupoteza hata nguvu aliyonayo. Fanya mazoezi mepesi unayoweza kuyafanya huku ukizungumza bila kuhema, na kama unaweza kupata maji ya uvuguvugu ya kuogelea, ni bora zaidi. Ukimaliza ukajikuta mnyonge kuliko ulivyoanza, au maumivu yakabaki zaidi ya siku moja au mbili, ulizidisha. Punguza.

Nikiumwa nyumbani nifanye nini?

Pumzika kabla hujachoka, si baada ya kuchoka. Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha nyosha kiungo taratibu bila kukirusha. Badili mkao mara kwa mara, na asiyeweza kujigeuza ageuzwe, hata usiku. Inua kiti chako kwa mto mgumu ili usijisukume sana unapoinuka. Jambo dogo kama hilo huutuliza mgongo kuliko watu wanavyodhani.

Dawa ipi ni salama?

Mara nyingi daktari huanza na parasetamoli. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo au aliyekonda apangiwe pungufu ya hapo. Diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa kama peremende huumiza tumbo na figo, na hatari huongezeka kwa anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi wanayopewa baadhi ya wenye ugonjwa huu. (Prednisoloni yenyewe usiiache ghafla.) Dawa kali za maumivu na za kulegeza misuli zinaweza kukupunguzia pumzi kama misuli ya kupumulia imeshadhoofika. Usiazime ya jirani.

Misuli inauma sana na mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Ningoje kesho?

Usingoje. Nenda hospitali leo, sasa hivi. Misuli ikivunjika kwa wingi humwaga damuni protini iitwayo mayoglobini, nayo huziba na kuharibu figo. Potasiamu nayo hupanda na inaweza kuusimamisha moyo. Waliochelewa huniambia walidhani ni joto, au kwamba hawakunywa maji ya kutosha, wakanywa ndoo nzima ya maji nyumbani wakisubiri rangi ipauke. Mkojo kupauka hakumaanishi figo zimepona, na mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa na moyo dhaifu usiomudu maji mengi. Apimwe, awekewe maji kwa kipimo chini ya uangalizi.

Na ukiwa njiani, usimeze diklofenaki. Figo zimeshapigwa pigo moja, usiziongezee la pili.

Nikifika niseme nini?

Taja ugonjwa wako kwa jina na kila dawa uliyomeza, hata ya kushusha lehemu, kwani baadhi yake huumiza misuli. Beba vipimo vyako vya zamani vya kreatini kinase, kimeng'enya kinachovuja damuni misuli inapoharibika. Kwako hicho mara nyingi huwa juu hata siku nzuri, hivyo daktari anahitaji cha kulinganisha. Waambie pia kuwa una misuli kidogo: kreatinini, kipimo cha kawaida cha figo, hutokana na misuli, na kwako inaweza kusoma vizuri wakati figo zinaumia.